Jicho la Mama Mkwe na Tangi Langu la Samaki

Siku tatu baada ya kufunguliwa bandeji, mama mkwe wangu alimwita mke wangu sebuleni akamwambia kwamba operesheni ya jicho lake haikufaulu.

"Nirudisheni hospitali," alisema kwa Kibemba. "Bado kuna ukungu. Nikitazama wale samaki wa mume wako, naona vivuli tu."

Mimi nilikuwa jikoni, nimeegemea mlango, nanywa chai. Nilisikia kila neno, maana nimeishi Nchelenge, mji huu wa kando ya ziwa, karibu miaka ishirini na Kibemba kimeniingia, pamoja na kile ambacho watu hawakukusudia nikisikie. Sikutoka kwenda kuuliza. Kwa watu wa mke wangu, mwanamume haingii tu mahali alipo mama mkwe wake na kuanza maongezi. Hali naye chakula, hamtazami usoni, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja wao huingia majanini kumpisha mwenzake. Ipo sherehe ya kuondoa mwiko huo: wanawake wa ukoo humpikia mkwe vyakula vya kila aina na kumwingiza rasmi nyumbani mwao. Sisi tulikuwa hatujaifanya. Kila mwaka kulikuwa na sababu. Yeye alikuwa kisiwani Chisenga na biashara yake ya samaki, mimi huku bara na kazi zangu. Mwiko haukutusumbua kwa sababu hatukuonana.

Sasa tulikuwa tunaishi pamoja kwa ajili ya jicho lake, katika nyumba ya vyumba vitatu, na kutoonana ilikuwa kazi ya kutwa. Nikitoka kazini nilipitia mlango wa jikoni. Yeye akisikia hatua zangu alijifunika kitenge kichwani na kugeuka upande. Nikichuchumaa kumsalimu nilipiga makofi taratibu nikiwa nimeelekea ukutani, naye aliitikia akiwa ameelekea dirishani. Kwetu Pweto, upande wa Kongo, wakwe nao wanaheshimiwa, lakini tunatazamana.

Nieleze kazi yangu, maana ndiyo iliyoleta tangi la samaki. Mimi ni fundi wa friji. Nilivuka ziwa nikiwa kijana, nikajifunza kwa fundi mmoja hapa, na leo friji nyingi za wauza samaki kuanzia bandarini hadi Kabuta zimepita mikononi mwangu. Kutwa nzima nashughulika na samaki waliokufa. Natoa kichwa cha samaki kilichoganda nyuma ya feni, nakwangua magamba kwenye mpira wa mlango, narudi nyumbani nanuka barafu ya juzi. Nadhani ndiyo maana nilitaka sebuleni niwe na samaki walio hai. Watu walinicheka. Mutu anakaa karibu na ziwa lote lile, walisema, halafu anajitengenezea lingine ndani ya nyumba.

Tangi nilipewa na mwenye lodge moja aliyekuwa anafunga na kuhama. Ni la kioo, urefu wake kama dawati la shule, na lilikuja na chujio lake: kisanduku cha plastiki kinachoning'inia nyuma, ndani yake kipande cha sponji, na pampu ndogo ya kuzama majini inayoenea kiganjani. Pampu inavuta maji machafu, inayapandisha kwa mpira wa maji, yanapita kwenye sponji, yanarudi tangini. Samaki walikuwa tisa, wale wadogo wa kwenye mawe wenye mistari ya buluu ubavuni. Nilimwagiza mvuvi wa Kabuta, akanichukulia kama mtu aliyepigwa jua, kutaka samaki wadogo kiasi kile tena wakiwa wazima. Niliwalisha chisense, wale dagaa wa ziwa letu, niliowakausha na kuwasaga unga.

Chujio lilikuwa linatoa maji membamba kama uzi. Nilijua. Kila asubuhi niliutazama uzi ule nikasema Jumamosi nitashughulika nao. Jumamosi friji ya mtu ilikuwa imeharibika. Maji ya tangini yakaendelea kuchafuka kidogo kidogo, na jicho langu likayazoea.

Mke wangu alimrudisha mama yake hospitali. Waliporudi nilikuwa uani nikipuliza mavumbi kwenye mashine ya mteja. Mke wangu alikuja akasimama mbele yangu, mkono kiunoni. Huniita Shimpundu, yaani baba wa mapacha, kama ilivyo desturi hapa. Mapacha wenyewe wako shule ya bweni.

"Shimpundu," alisema, "jicho la mama ni zima."

"Asante Mungu."

"Ngoja kwanza. Nesi amemwonyesha ubao wa alama, mama amezitaja zote, hata zile ndogo za chini. Lakini mama anashikilia kwamba ana ukungu. Nesi akaniuliza, kwani huko nyumbani anakaa akitazama nini?" Hapo akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Ikabidi niseme, tangi la samaki. Nesi akasema, basi kasafisheni hilo tangi lenu."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Mimi sikucheka. Mwanamke amevuka ziwa na jicho bovu, amevumilia kisu, amelala siku kadhaa gizani, na siku anapofunguliwa kitu cha kwanza anachokiona kinamfanya aamini kwamba ameteseka bure. Na kitu hicho nimekitengeneza mimi, ambaye watu huniita niwaondolee uchafu kwenye mashine zao. Niliona haya. Nikaweka vifaa chini, nikajiambia kwamba kabla hajarudi hospitali kuangaliwa mara ya mwisho, maji yale yatakuwa safi kama hewa.

Sikuwa na shaka kwamba nitaweza. Ninafahamu mabomba.

Nilianza siku hiyohiyo. Sponji niliyoitoa ilikuwa nyeusi na nzito. Niliikamua nje, nikaitupia kwenye ndoo moja mbovu ya nyuma ya jiko, nikatafuta nyingine. Nikafikiri hivi: kama sponji moja imeshindwa, mbili zitaweza. Nikatia mbili. Juu yake nikaongeza kipande cha blanketi kuukuu, nikashindilia kwa kidole gumba mpaka kisanduku kikajaa barabara. Nikawasha. Uzi wa maji ukawa matone. Asubuhi yake samaki wote tisa walikuwa juu, midomo imetoka nje ya maji, wanahema kama abiria waliokimbilia basi.

Basi nikasema pampu ndiyo dhaifu. Nilikuwa na nyingine kwenye karakana, niliyoitoa kwenye mashine ya kupoza hewa, kubwa mara nne ya ile. Nikaifunga jioni ya siku ya pili. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, kitenge kichwani, ameelekea dirishani. Nilichuchumaa, nikampa mgongo kwa adabu, nikawasha.

Maji yalipanda kwa kishindo. Hayakupita kwenye sponji wala kwenye blanketi. Yalipita juu yake yote, yakarudi tangini na uchafu wake uleule, yakachimba shimo kwenye mchanga, yakawabana samaki kwenye kona moja. Mengine yakaruka nje. Nilipofanikiwa kuzima, sebule ilikuwa na dimbwi, na ndala za mama mkwe zilikuwa zinaelea kuelekea mlangoni. Yeye alikuwa amepandisha miguu juu ya stuli.

Nilianza kufuta sakafu bila kuinua kichwa. Ndipo nikasikia sauti yake, na haikuwa Kibemba. Ilikuwa Kiswahili, kile cha kupatana bei na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo, alichojifunza kwa miaka mingi ya kuuza samaki.

"Ninyi samaki," alisema. "Mwambie fundi yenu. Ameshindilia. Maji ikakataa kupita, akaitia nguvu. Sasa imeruka juu ya matambara, imepita bure."

Samaki wa ziwa hili hawajui Kiswahili. Nikajua anasema na mimi, na kwamba amepata njia ya kusema nami bila kuvunja adabu. Nilikamua tambara mara mbili, nikafikiri, kisha nikalielekea tangi.

"Samaki," nikasema, "muulizeni mama, mukwai," nikitia neno la heshima la Kibemba, "yeye angefanya namna gani?"

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi, mdomo wazi.

"Mwambie," akasema mama mkwe, "zamani chumvi ya dukani ikikosa, tulikuwa tunapika chumvi ya majivu. Unachoma majani ya pale kwenye maji, unatia majivu ndani ya kikapu, unamwaga maji juu, inatoka chini tone tone. Mutoto mwanamuke asiyejua anashindilia majivu. Maji inakaa juu paka jioni. Asiyejua mwingine anaacha wazi sana, maji inapita mbio, haina chumvi. Mama yangu alikuwa anatumia kikapu kipana. Kipana, hapana kirefu. Chini anatandika majani makubwa, juu majivu, hakandamizi. Na maji anamwaga pole pole, pahali pote, hapana pahali pamoja."

Kisha akaongeza: "Na mwambie aniletee ndala."

Nilizileta, nikaziweka chini mbali kidogo na kiti, nikarudi kinyumenyume. Usiku huo nilimsimulia mke wangu kila kitu ingawa alikuwa amesikia mwenyewe. Nilikuwa nimechangamka kama mtoto. Maana aliyoyasema yalikuwa sahihi kabisa, na mimi fundi nilipaswa kuyajua. Kwenye friji, hewa isipopita husukumi kwa feni kubwa zaidi. Unapanua njia.

Siku iliyofuata sikwenda kazini. Nilichukua beseni pana la kuoshea vyombo, nikalitoboa matundu mengi chini kwa msumari wa moto. Nikalikalisha juu ya tangi, kwenye mbao mbili. Nikaenda kwa baiskeli mpaka ufukwe wa Kabuta nikaokota kokoto za ukubwa wa karanga, na njiani nikaomba vipande vya matofali ya kuchoma kwa mtu aliyekuwa anajenga. Hivyo vikakaa chini kabisa. Juu yake nikatandaza godoro la sponji jembamba, lililolala tu bila kubanwa. Juu kabisa nikaweka vipande vya wavu wa zamani wa kuvulia, vilivyokunjwa ovyoovyo, vikamate mabaki makubwa ya chisense kabla hayajafika kwenye sponji na kuiziba. Kifuniko cha ndoo nilikitoboa nacho, nikakiweka juu ya yote ili maji yatawanyike pahali pote, kama alivyosema.

Sehemu ya pampu ilikuwa yangu mwenyewe, na naisema kwa kujivuna. Ile kubwa niliirudisha karakana. Nilitumia ileile ndogo. Lakini mpira wake wa zamani ulikuwa mwembamba, mrefu, na una mikunjo mitatu, na kila mkunjo unaiba nguvu. Nikaukata, nikaweka mpira mpana, mfupi, ulionyooka, unaopanda kutoka majini kuingia kwenye beseni bila kona hata moja. Nikawasha.

Maji yalidondoka chini ya beseni kama mvua ya Desemba, tangi zima, kona hadi kona. Nilikinga jagi. Kabla ya hapo ningeweza kuimba pambio lote la kanisani na jagi halijajaa. Safari hii lilijaa kabla sijamaliza ubeti wa kwanza. Samaki walishuka chini, wakaanza kugombana, na samaki wa aina ile wakigombana ujue wana afya.

"Samaki," nikasema kwa sauti, "mnaonaje?"

"Banaona vizuri," akajibu mama mkwe akielekea dirishani. "Lakini ukungu bado."

Ukungu ulichukua siku tano kuondoka. Kila siku nilipotoka kazini nilipita sebuleni, jambo ambalo sikulifanya awali, na kila siku samaki walipewa taarifa. Leo anaona mistari ya buluu. Leo anaona mawe ya nyuma. Siku ya tano nilipochuchumaa kusalimu, alisema, "Ninyi samaki, yule wa mkia iliyopasuka, aache kufukuza mwenzake. Namuona."

Nilitazama. Kweli mmoja mkia wake ulikuwa umepasuka, mpasuko mwembamba kama wembe. Mimi mwenyewe nilikuwa sijauona.

Hapo ningeacha mambo yalivyo, ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini wiki ya pili niliona vipande vya matofali vimeota utando wa kahawia, unateleza mkononi. Siwezi kuona utando kwenye mashine nikauacha. Jumapili baada ya ibada nilitoa kila kitu nje, nikasugua kokoto na matofali kwa brashi na sabuni ya unga, nikasuuza kwa maji ya bomba yenye dawa, nikaanika juani mpaka vikang'aa. Mke wangu alisema vinapendeza hata kuliwa. Nikavirudisha, nikaridhika.

Siku ya pili maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Siku ya tatu yakaanza kunuka. Siku ya nne nikakuta samaki wawili wameelea, mmoja wao yule wa mkia uliopasuka.

Niliwatoa kwa kikombe. Sikuelewa. Maji yalikuwa yanapita vizuri kama mwanzo, jagi lilijaa kwa ubeti uleule. Nilisimama pale na kikombe changu.

"Umeosha na sabuni," akasema mama mkwe.

Hakusema na samaki. Nilishtuka, nikageuka bila kufikiri, tukatazamana. Jicho lake lililofanyiwa operesheni lilikuwa safi kabisa, jeusi, limenikazia. Hakugeuka dirishani. Nami nikasahau kugeuka ukutani.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nimeosha."

"Kibuyu ya munkoyo, nani anaosha na sabuni?"

Munkoyo ni kinywaji cha hapa, uji wa mahindi unaotiwa mizizi fulani ukachacha na kuwa mtamu wenye ukali kidogo. Hulazwa kwenye kibuyu. Mke wangu anacho kimoja alichopewa na mama huyuhuyu siku ya harusi yetu, na ninajua mwenyewe kwamba hakioshwi. Kinasuuzwa kwa maji tu, kwa sababu kile kinachochachusha kimekaa kwenye ukuta wa kibuyu. Ukikisugua, munkoyo wa siku inayofuata unaoza badala ya kuchacha.

"Ile ya kahawia njo ilikuwa inafanya kazi," akasema. "Wewe umeifukuza."

Baadaye nilisoma kwenye simu, na maneno yalikuwa yaleyale kwa lugha nyingine: kwenye ule utando kuna vijidudu visivyoonekana vinavyokula mkojo na uchafu wa samaki, na bila vijidudu hivyo maji yanageuka sumu hata yakionekana yanazunguka. Sponji inakamata takataka. Matofali yalikuwa nyumba ya vijidudu vile, nami nilikuwa nimevifukuza kwa brashi.

"Sasa nifanye nini, mama?" Nilikuwa bado nimesimama, bado namtazama, na nilianza kusikia joto masikioni.

"Kibuyu ikiharibika, unaomba mabaki kwa jirani mwenye kibuyu nzima."

Hakukuwa na jirani mwenye tangi la samaki Nchelenge nzima. Lakini nikaikumbuka ile sponji nyeusi niliyoitupia kwenye ndoo mbovu. Mvua ilikuwa imenyesha humo, mwani umeota, sponji ilikuwa bado imelowa na ina utelezi wake. Nikaikata vipande, nikavichanganya na matofali. Nikaenda tena Kabuta, safari hii nikaleta kokoto zikiwa ndani ya maji ya ziwa, bila kuzigusa na chochote. Kila asubuhi nilipunguza theluthi ya maji ya tangini nikajaza ya ziwa, na chisense nikawapa samaki kidogo sana, siku moja nawapa, siku moja siwapi.

Hakufa samaki mwingine. Ilipofika wiki ya pili harufu ilikuwa imekwisha, na utando wa kahawia ukaanza kurudi kwenye matofali. Niliutazama kwa furaha kama mtu anayetazama mahindi yake yakichipua. Tangu hapo nina kanuni, na sijaivunja: wavu na sponji nasuuza kila wiki, ndani ya maji niliyoyatoa tangini, bila sabuni, bila bomba. Matofali siyagusi.

Lilibaki tatizo la umeme. Miaka hii unakatika kwa saa nyingi, na pampu ikisimama utando unakauka na samaki wanakosa hewa. Hilo halikunipa taabu. Nilikuwa na paneli ndogo ya jua niliyokuwa naitumia kuchaji simu za watu, na betri ya pikipiki. Nikanunua pampu ya kutumia betri, ndogo kama ile ya kwanza, nikaifunga kwenye mpira uleule mpana. Nchelenge yote ikiwa haina umeme, sebuleni kwangu mvua iliendelea kunyesha.

Nirudi kwenye siku ile tulipotazamana. Mke wangu alikuwa na wasiwasi. Aliniambia jikoni kwamba mama hajala vizuri, na kwamba pengine amejutia. Mimi nilirudi kwenye desturi, mgongo na ukuta. Siku ya tatu mama mkwe aliomba simu ya mke wangu, akaenda nayo barazani, akaongea muda mrefu. Aliporudi alitangaza kwa Kibemba, kwa sauti ya kunifikia mimi uani, kwamba dada zake wawili wanakuja na boti ya Jumamosi, na kwamba mke wangu atafute kuku.

Walikuja na masufuria, vitenge vilivyopigwa pasi, na kicheko. Walipika kutwa nzima. Alasiri wakanivalisha shati safi na kunikalisha kwenye mkeka sebuleni, wakaanza kunifungulia sahani moja moja: nshima, ugali wa hapa, kuku, mchicha wa karanga, maharage, kisamvu, samaki wa kuchoma, hata mayai. Kila sahani inafunguliwa, unaonyeshwa, na kuanzia hapo unaruhusiwa kuila mbele ya mama mkwe wako maisha yote. Walipofungua ile ya samaki, dada mdogo, aliyekwisha kusimuliwa kwa simu, alitupia jicho tangi, akahesabu kwa kidole, akauliza, "Hawa si walikuwa tisa?"

Mke wangu alilia kwa kucheka. Mama mkwe alijikaza, lakini mabega yalimtetemeka. Kisha akachukua tonge la nshima, akalichovya kwenye mchuzi wa kuku, akaniwekea mkononi mbele ya wote.

"Kula," akasema, kwa Kibemba safari hii. "Umefanya kazi."

Nilikula. Nilikuwa na njaa tangu asubuhi, na kuku alikuwa wa kienyeji, mgumu kama anavyopaswa kuwa.

Alipokwenda hospitali kuangaliwa mara ya mwisho nilimsindikiza mimi. Nesi alipomuuliza kama bado anaona ukungu, alinionyesha kwa kidevu akasema huyu ameutoa. Nesi hakuelewa, na sisi hatukumweleza. Wiki hiyo akarudi Chisenga.

Tangu wakati huo nimetengeneza machujio mengine mawili ya beseni. Moja ni la mchungaji wetu, aliyeanza kufuga samaki baada ya kuona wangu. Jingine ni la mwanamke mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, Mkongo mwenzangu, anayekuza vifaranga vya samaki kwenye pipa lililokatwa. Yule mwanamke alinielewa upesi kuliko mchungaji. Nilipomwambia asioshe matofali aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua.

Mama mkwe hunipigia simu mwenyewe siku hizi, hapitii tena kwa mke wangu. Anapanda mahali penye mtandao kisiwani, anaongea kwa sauti kubwa kana kwamba anataka nimsikie bila simu. Juzi alisema deep freezer ya kikundi chao cha wanawake inanguruma lakini haigandishi, na kwamba kijana aliyeletwa kuitazama anataka kuibadilisha mashine nzima. Nilimwuliza nyuma yake kukoje. Akasema wameisukuma mpaka ukutani, na juu yake wamepanga magunia. Nikamwambia aivute mbele, aondoe magunia, aipe nafasi ya kupumua, na asiguse kitu kingine mpaka nifike. Navuka Jumanne. Ameniagiza nichukue koti, kwa sababu asubuhi ziwani kuna baridi, na nisile njiani.